Kutoka Boxer Hadi V-twin: Je, Nyanda za Juu Kusini Zinaihitaji Pikipiki Hii?

Kwenye vijiwe vya bodaboda vya Mwanjelwa, Kabwe na Mafiati jijini Mbeya, ubishi juu ya pikipiki kubwa hauishi. Mbeya ipo kwenye njia ya wasafiri wanaotoka kaskazini mwa Afrika kwenda Cape Town, na kila mmoja wao anapopita na pikipiki yake kuelekea Tunduma au Kasumulu, swali huibuka upya: kijana aliyezoea Boxer au TVS akipata fedha, ahamie kwenye pikipiki ya mbio yenye injini ya V-twin?

Majibu yanayotolewa yanapingana. Wapo wanaoamini kwamba cc nyingi maana yake ni spidi na basi. Wapo wanaosema silinda mbili ni matatizo mara mbili. Na wapo wanaodai kwamba aliyeweza kupanda Mlima Nyoka na mishikaki ya abiria wawili hashindwi na chombo chochote chenye magurudumu mawili. Katika kila hoja kuna chembe ya ukweli, lakini zote zinachanganya mambo mawili: injini, na pikipiki inayoibeba injini hiyo. Uchambuzi huu unayatenganisha.

Chombo tunachokijua

Pikipiki nyingi za biashara Mbeya na Iringa zina silinda moja, cc 100 hadi 150, na hupozwa kwa upepo. Boxer ya cc 150 hutoa nguvu za farasi zipatazo 12. Ni nyepesi kiasi kwamba mtu mmoja huinyanyua ikianguka, na lita moja ya petroli huitembeza kilomita 50 au zaidi. Spea zake zipo karibu kila mtaa, na fundi anayeijua hatafutwi.

Muhimu zaidi ni tabia ambazo chombo hicho kimemjengea mwendeshaji. Mkono wa mafuta hufunguliwa hadi mwisho bila hofu, kwa sababu hakuna cha kutisha huko mwisho. Breki inayotegemewa ni ya nyuma, kwa sababu abiria na mizigo hukaa nyuma. Kwenye mteremko wapo wanaozima injini na kushuka frii ili kuokoa mafuta. Aidha, baadhi ya pikipiki hizi zina mpangilio ambao gia zote huingia kwa kukanyaga kuelekea chini. Kila moja ya tabia hizi ina mantiki yake katika kazi ya bodaboda. Juu ya V-twin ya mbio, kila moja ni hatari.

V-twin ni injini ya namna gani

V-twin ni injini yenye silinda mbili zilizopangwa kwa umbo la herufi V, huku pistoni zote mbili zikizungusha shafti moja. Pembe kati ya silinda hutofautiana: Harley-Davidson nyingi hutumia nyuzi 45, Ducati nyuzi 90, na Aprilia RSV Mille ya mwaka 1998 ilitumia nyuzi 60. Pembe ya nyuzi 90 ina faida ya kiufundi, kwani mitikiso mikubwa ya pistoni mbili hupunguzana yenyewe, hivyo injini hutulia bila kuhitaji vyuma vingi vya kusawazisha.

Pistoni hizo hazilipui mafuta kwa nafasi sawa. Kwenye nyuzi 90, mlipuko mmoja hufuata mwingine baada ya nyuzi 270 za mzunguko wa shafti, kisha unaofuata huja baada ya nyuzi 450. Hapo ndipo unapotoka mngurumo wake wa kukatika. Waendeshaji wengi husema mpangilio huo huwasaidia kuhisi tairi la nyuma linavyoshika barabara wakati wa kufungua mafuta.

Tofauti yake na injini ya silinda nne za mstari ni mahali nguvu inapopatikana. Injini ya silinda nne ya mbio huficha nguvu zake kwenye mizunguko ya juu, nayo hulazimika kukamuliwa. V-twin huvuta mapema, kuanzia mizunguko ya chini na ya kati. Pia ni nyembamba, hivyo pikipiki hukaa vizuri kati ya magoti.

Heshima yake katika mbio ina historia. Katika mashindano ya dunia ya Superbike, kanuni ziliruhusu injini za silinda mbili kufikia cc 1000, wakati zile za silinda nne ziliishia cc 750 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000. Ducati iliitumia nafasi hiyo vyema: Carl Fogarty alitwaa ubingwa mwaka 1994, 1995, 1998 na 1999. Honda, iliyokuwa ikitumia silinda nne, nayo ikajenga V-twin yake, na Colin Edwards akashinda nayo mwaka 2000 na 2002. Katika kipindi hichohicho Suzuki ilitoa TL1000S mwaka 1997 na SV650 mwaka 1999, ile ya pili ikiwa chombo cha mtu wa kawaida: injini ya cc 645, nyuzi 90, nguvu za farasi zipatazo 70.

Baadaye upepo uligeuka. Kanuni za moshi za Ulaya zilikazwa, na gharama ya kujenga vichwa viwili vya silinda vilivyotengana ikawa mzigo. Watengenezaji wengi walihamia kwenye silinda mbili zilizosimama sambamba, wakipanga shafti ili milipuko ifuate nafasi zilezile za 270 na 450. Yamaha MT-07 ya mwaka 2014 ni mfano wake. Ducati nayo ilihamishia pikipiki yake kubwa ya mbio kwenye silinda nne mwaka 2018, ingawa iliendelea kutengeneza V-twin za daraja la chini yake. Matokeo yake, mnunuzi wa Afrika Mashariki anayetaka V-twin ya mbio kwa bei anayoimudu anazungumzia chombo kilichotumika, mara nyingi chenye umri wa miaka mingi.

Mazingira ya Mbeya na Iringa

Jiji la Mbeya lipo takriban mita 1,700 juu ya usawa wa bahari. Hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Dar es Salaam kwa asilimia zisizopungua 15, na injini isiyo na turbo hupoteza nguvu kwa kiwango kinachokaribia hicho. Kwa Boxer, farasi 12 hugeuka kuwa 10, ndiyo maana hulia ikipanda kutoka mjini kuelekea Chunya. Kwa V-twin ya cc 650, farasi 70 hubaki karibu 60, na mwendeshaji hahisi pengo lolote la maana. Hoja kwamba V-twin inafaa milima, basi, ina msingi.

Kuna sharti moja. V-twin za zamani hutumia kabureta zilizopimwa kwa hewa ya tambarare. Zikifika Mbeya, mafuta huzidi hewa: plagi huwa nyeusi, ulaji hupanda, na injini huwaka kwa shida asubuhi za baridi za Juni na Julai. Zenye injekta hujirekebisha zenyewe kwa kutumia vihisio. Kwa mkazi wa nyanda za juu, jambo hili ni zito kuliko jina la kampuni iliyotengeneza pikipiki.

Jambo la pili ni barabara yenyewe. Barabara kuu ya TANZAM inakatiza Mwanjelwa kwenye msongamano wa bajaji, daladala, mikokoteni na malori yanayokwenda Zambia na Kongo. Ukielekea Iringa unakutana na Uyole, mteremko wa Inyala ambako malori yaliyofeli breki yamesababisha misiba mikubwa, kisha Igurusi, Chimala, Makambako na Mafinga. Karibu kila kijiji kina matuta, na kibao cha 50 kinasimamiwa na trafiki mwenye tochi. V-twin ya cc 650 huvuka kilomita 50 kwa saa ikiwa bado gia ya kwanza. Gia tano zinazobaki zina nafasi chache za kufanya kazi kihalali.

La tatu ni mvua. Kuanzia Novemba hadi Aprili au Mei, barabara hulowa, udongo huburutwa juu ya lami na magari yanayotoka mashambani, na ukungu hushuka kwenye milima ya Rungwe. Dizeli inayovuja kwenye malori hukamilisha mtego. Hapo nguvu ya ziada humwongezea mwendeshaji mahitaji ya umakini.

Msimamo wa kwanza: kuruka moja kwa moja

Wanaotetea kuruka husema uzoefu wa bodaboda ni shule tosha. Mtu aliyeendesha kila siku kwa miaka, usiku na mchana, kwenye lami na vumbi, anajua kusoma barabara kuliko mzungu aliyefundishwa kwenye uwanja wa saruji. Sheria pia haimzuii: leseni ya daraja A hufungua milango yote ya pikipiki za zaidi ya cc 125, hivyo mwenye Boxer ya 150 na mwenye Ducati ya 1000 wanasimama kwenye mstari mmoja. Na kwa upande wa fedha, kununua mara moja ni nafuu kuliko kununua mara mbili.

Nguvu ya hoja hii ni kwamba kusoma barabara kweli ni ujuzi, na bodaboda wanao. Macho yanayotambua mapema bajaji inayotaka kugeuka bila kuwasha indiketa hayafundishwi darasani.

Udhaifu wake upo mikononi na miguuni. Mwendeshaji anaporuka kutoka farasi 12 hadi 70, mizani ya vidole vyake haijui kiasi kipya. Kiasi cha mafuta ambacho kwenye Boxer kilimtoa kwenye foleni, kwenye V-twin kinaweza kuinua gurudumu la mbele. Hatari kubwa zaidi huja wakati wa kupunguza mwendo. Silinda kubwa zenye mgandamizo wa juu huvuta pikipiki nyuma kwa nguvu pale mafuta yanapofungwa. Ukishusha gia mbili kwa pupa kwenye lami iliyolowa ya Inyala, tairi la nyuma hujifunga na kuteleza kabla hujagusa breki. Aliyezoea gia zinazopanda kwa kukanyaga chini ana balaa la ziada, kwa kuwa kwenye pikipiki ya mbio kukanyaga chini ni kushusha gia. Mguu ukisahau mara moja tu, kosa limeshatokea.

Breki nazo zimegeuka. Kwenye pikipiki ya mbio kazi kubwa hufanywa na diski mbili za mbele. Anayekumbatia breki ya nyuma kwa mazoea hasimami mapema. Anayekamata ya mbele kwa hofu, bila ABS, huanguka. Na nishati ya mwendo huongezeka kwa mraba: kutoka kilomita 50 hadi 100 kwa saa, umbali wa kufunga breki huwa takriban mara nne.

Msimamo wa pili: kupanda ngazi

Kundi la pili linataka mtu apite kwanza kwenye cc 250 hadi 400. Mataifa kadhaa yameweka jambo hili kwenye sheria. Tangu Januari 2013 nchi za Umoja wa Ulaya zina daraja la A2 linaloishia kilowati 35, na kijana hulazimika kukaa hapo miaka miwili kabla ya kupanda. Japani ina leseni inayoishia cc 400, na viwanda vyake vilitengeneza V-twin ndogo kama Honda VTR250 na Suzuki SV400.

Nguvu ya msimamo huu ni kwamba mwili hujifunza kwa hatua. Pikipiki ya cc 250 humfundisha mwendeshaji gia sita, breki ya diski, tairi pana na mkao wa kuinama, bila kumwadhibu vikali kwa kila kosa. Umeme wake na mfumo wake wa kupoza injini kwa maji humzoesha fundi pia.

Udhaifu wake ni wa soko. Pikipiki hizo hazipatikani kwa urahisi katika maduka ya Mbeya; huagizwa nje, na gharama za meli, ushuru na VAT ya asilimia 18 hulipwa iwe injini ni ndogo au kubwa. Mtu akishafika hapo huona tofauti ya bei kati ya 250 na 650 si kubwa, na kishawishi cha kuruka hurudi. Kuiuza baadaye nako ni kazi, kwani wanaoitafuta ni wachache.

Msimamo wa tatu: kubaki na silinda moja

Kundi hili huuliza swali la mfukoni: pikipiki hiyo italeta nini nyumbani? V-twin ya cc 650 hutembea takriban kilomita 20 kwa lita. Safari ya Mbeya hadi Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 800, hula lita 40 mahali ambapo Boxer ingekula 16 au 17. Kiti cha nyuma cha pikipiki ya mbio ni kidogo, kimeinuka, na hakibebi gunia. Kwa anayelipa hesabu kwa bosi au anayemalizia mkataba, mjadala umefungwa hapo.

Hoja ya spea ni nzito zaidi. Tairi za V-twin ya mbio ni pana na hazina tyubu. Tairi la nyuma la SV650 ni la ukubwa wa 160/60 inchi 17, na kibanda cha pancha cha kando ya barabara hakina la aina hiyo. Oili yake inatakiwa kuwa ya daraja la JASO MA, kwa kuwa klachi huogelea ndani ya oili hiyohiyo. Ukiweka oili ya gari yenye vilainishi vya ziada, klachi huanza kuteleza. Silinda ya nyuma imejificha chini ya tangi, hupata upepo kidogo, na plagi yake haifikiki bila kufungua vitu. Kwenye foleni ya Mwanjelwa, rejeta na feni hufanya kazi mfululizo. Ducati huongeza ugumu mwingine: kwenye injini zake nyingi valvu hufungwa kwa mkono wa chuma badala ya springi, na mikanda ya injini ya matoleo mengi ya zamani hubadilishwa kwa ratiba isiyovumilia uzembe, kwa sababu mkanda ukikatika, valvu na pistoni hugongana.

Udhaifu wa msimamo huu ni kwamba unapima kila pikipiki kwa mizani ya biashara. Wapo watumishi, wafanyabiashara wa mchele na mbao, na wahandisi wanaotaka chombo cha safari na burudani. Kwao Boxer kwenye TANZAM ina hatari yake: haina nguvu ya kulipita lori haraka, hivyo mwendeshaji hukaa muda mrefu upande usio wake. Injini yenye akiba ya nguvu hufupisha muda huo.

Msimamo wa nne: injini ileile, mwili tofauti

Ubishi wa vijiweni husahau njia ya nne. Suzuki iliichukua injini ya SV650 ikaifunga kwenye V-Strom 650: pikipiki ya kukaa wima, yenye shokomzoba za safari ndefu na gurudumu la mbele la inchi 19. Honda nayo iliweka V-twin kwenye Transalp na kwenye Africa Twin ya kwanza ya mwaka 1988. Pikipiki za namna hii hubakiza kile ambacho milima inakihitaji, yaani mvuto wa mapema na uwezo wa kulipita lori, na kuacha kile kinachosumbua: kuinama, uwazi mdogo chini ya injini, na matairi yanayochukia matuta na changarawe.

Zina kasoro pia. Ni ndefu na nzito, zikipita kilo 200 mara nyingi, na mtu mfupi hupata taabu kwenye foleni. Haziondoi tatizo la spea wala la tairi. Na kwa anayetafuta pikipiki ya mbio kwa ajili ya umbo lake, hazimtoshelezi.

Kupima hoja

Tukiziweka hoja hizi pamoja, tunaona kwamba injini ya V-twin haina kosa. Miongoni mwa injini kubwa za pikipiki ndiyo inayoendana vizuri na mwinuko na milima ya Mbeya, Njombe na Iringa. Kasoro ipo kwenye mambo matatu yanayoizunguka: mwili wa mbio uliojengwa kwa lami safi, mtandao wa spea na mafundi uliojengwa kwa silinda moja, na mikono iliyofundishwa na farasi 12.

La kwanza hutatuliwa kwa kuchagua umbo jingine. La pili hutatuliwa kwa fedha na mipango: kuchagua toleo lililouzwa kwa wingi duniani kama SV650, lenye injekta, na kuagiza matairi, pedi za breki, chujio na cheni kabla chombo hakijafika. La tatu halinunuliki. Linahitaji muda, eneo lisilo na magari, na mwalimu atakayemlazimisha mwendeshaji kurudia kufunga breki ya mbele na kushusha gia moja moja hadi mazoea ya zamani yafutike.

Hapa sheria yetu ina pengo. Daraja A linalomtazama mwenye 150 na mwenye 1000 kwa jicho moja liliwekwa kwa nchi yenye pikipiki ndogo. Kadiri pikipiki kubwa zinavyoongezeka, kuigawa leseni kwa nguvu ya injini ni jambo la kufikiriwa. Mpaka siku hiyo ifike, mwendeshaji hana budi kujiwekea ngazi mwenyewe.

Muhtasari

Kwa mwendesha bodaboda anayeishi kwa abiria na mizigo, V-twin ya mbio haina nafasi: mafuta, kiti na spea vyote vinampinga. Kwa mtu mwenye kipato kingine anayetaka chombo cha safari, V-twin ya cc 650 yenye injekta na mkao wa wima ndiyo chaguo lenye hoja nyingi, na V-twin ya mbio ya ukubwa huohuo ni ya pili, kwa sharti la mafunzo na vifaa kamili: kofia ngumu ya uso mzima, glavu, jaketi na viatu vya kufunika vifundo. Cc 1000 kwa mara ya kwanza ziachwe, hata muuzaji akipunguza bei. Na yeyote asiyeweza kumtaja fundi atakayeifungua injini hiyo, wala kueleza tairi lake la pili litatoka wapi, asiinunue.